Wachezaji Mia Tatu wa Hai Jalaba

Bango lenyewe halikuwa kazi ngumu. Kilichonikwama kooni ni namba.

Nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka la mabango na fulana pale Hai Jalaba. Nilirudi Juba baada ya mkataba wa amani, nikitokea Kitale nilikomalizia shule, na kabla ya Kitale nilikuwa mtoto wa kambi kule Kakuma. Kama wengi wetu tuliorudi kutoka Kenya, nilirudi nimevimba kichwa. Nilijua kuchora herufi zilizonyooka, nilijua kuongea na wateja, na zaidi ya yote nilijiona hodari wa kutofautisha ukweli na porojo. Masista walionisomesha ndio walionitia ugonjwa huo, na sijapona mpaka leo. Mteja akinitaka niandike "Hoteli ya Kimataifa" kwenye kibanda cha mabati, niliandika kwa sababu tajiri wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, lakini niliandika nimenuna.

Basi siku moja akaingia mama mrefu, amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Mtaa mzima ulimwita Mudira, yaani meneja kwa Kiarabu cha Juba, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita vingine. Aliendesha klabu ya chesi hatua chache kutoka dukani kwetu. Nilikuwa napita pale kila siku nikienda kuchota maji ya kuoshea brashi, lakini sikuwa nimeingia hata mara moja.

"Andika hapa juu," akasema, akionyesha kitambaa kwa kidole. "Wachezaji mia tatu ya chesi, mji moja. Halafu hapa chini unaweka chupa ya soda. Kubwa."

"Mama, hao mia tatu wako wapi?"

"Iko."

"Wako wapi?"

"Wanakuja. Wewe piga rangi tu. Ikikauka, watakuwa wamefika."

Nikamwambia kwa adabu zote nilizobaki nazo kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akacheka mpaka akashika meza.

"Kama ni fupi, kwes, vizuri," akasema. "Tutafika haraka."

Niliandika ile mia tatu nimefura. Ila nilipomaliza nilisema moyoni kwamba nitampelekea bango mwenyewe, nikaone kwa macho yangu uongo wenyewe una ukubwa gani.

Klabu ilikuwa rakuba, kibanda cha nguzo na mabati kisicho na kuta, kwenye kiwanja cha mfanyabiashara mmoja wa nguo. Ndani mlikuwa na meza chache na mbao za chesi zilizochakaa. Nilisimama kando nikawahesabu wachezaji waliokuwa wameketi. Hawakujaza basi dogo la kwenda Gudele, nilikoishi. Lakini hapo hapo nikaanza kuona kwamba hesabu yangu ya Kitale haikutosha, kwa sababu nyuma ya kila kiti palikuwa na watu wamesimama, na watu hao hawakuwa wakitazama. Walikuwa wakicheza. Mmoja alinyoosha mkono juu ya bega la mwenzake akarudisha kete iliyokwisha kusogezwa. Mwingine alimfokea mwenye kiti kwa kumtoa farasi mapema. Mwenye kiti alikuwa anatoa mkono tu, shauri lilikuwa la wote.

Nilikuja kujua baadaye kwamba pale zilikutana chesi tatu. Waliolelewa Kenya walitaka ukimya, na ukigusa kete basi umeicheza. Waliotoka kambi za Uganda walicheza haraka, kwa kutambiana na kupigapiga meza. Wale wa Khartoum walitaka chai kwanza, kisha mjadala, na malkia wao walimwita waziri. Kwa mwezi wa kwanza, nikaambiwa, waligombana kila siku. Halafu wakazoeana, na chesi ya Hai Jalaba ikawa kitu cha peke yake, chenye kelele na chai na watu wengi nyuma ya kiti kimoja. Ukikaa pale mchana mzima hutasikia mtu akimuuliza mwenzake wakati wa vita alikuwa wapi. Katika Juba ya miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Na Mudira alijua biashara, jamani. Sijaona mtu aliyeuza kitu kidogo kwa namna nyingi vile. Huwezi kuketi bila kununua chai. Ukishindwa, unaosha vikombe vya mezani kwako. Alikuwa amewauzia wafanyabiashara wa mtaa kete moja moja: mfalme mweupe alidhaminiwa na kinyozi, ngome mbili na muuza matofali, na farasi na kijana wa pikipiki aliyetaka ajulikane kwa mwendo. Kabla ya mchezo mkubwa alisimama juu ya kreti akatangaza wadhamini wa kete zote, na watu walishangilia kinyozi kuliko wachezaji. Haya yote alijifunza Arua, kule Uganda, alikouza chapati kwenye mlango wa kituo cha vijana. Vijana walikuwa wakimlipa kwa kuchelewa, naye akingoja aliwaangalia wakicheza, mpaka akaanza kuwashinda.

Nikamuuliza tena kuhusu ile namba. Sikuweza kuiacha.

Ndipo aliponieleza, bila kuficha, huku akifuta meza. Mwenye kiwanja alitaka kuibomoa rakuba ajenge stoo ya bia. Bia zilikuwa zinaingia mjini kwa malori, na stoo ilikuwa na faida kuliko chai. Lakini kampuni moja ya soda ya Nairobi ilikuwa inatafuta cha kudhamini Juba, na kama ingeichukua rakuba, ingemlipa mwenye kiwanja na kuweka jina lake juu ya paa. Mtu wao aliuliza kwa simu: mna wachezaji wangapi?

"Nikasema mia tatu," alisema Mudira. "Ilitoka yenyewe."

"Sasa wakija kuangalia?"

"Wanakuja. Mtu yao anakuja mwisho wa mwezi. Akikuta watu wa meza hizi tu, kalas, basi, rakuba imekwenda."

Nilimwambia aende akawaeleze ukweli. Akanitazama kwa huruma, mimi niliyekuja kumhurumia yeye.

"Wewe mtoto ya Kenya iko na shida moja," akasema. "Unataka kitu ikuwe kweli kwanza, halafu ndiyo useme. Sisi tunasema kwanza, halafu tunakimbia nyuma yake mpaka tunaishika."

Na kweli alikimbia. Sijawahi kumwona mtu akiukimbiza uongo wake vile. Siku hazikutosha kufundisha mji chesi nzima, kwa hiyo akabuni njia yake: kila mtu alifundishwa kete moja tu. Muuza airtime alipewa askofu, atembee kwa mshazari. Fundi viatu alipewa ngome, anyooke. Alifundisha sokoni, alifundisha mlangoni mwa kanisa ibada ikimalizika, alimfundisha dereva wa lori akiwa chini ya lori. Ukimuuliza mtu, "Unajua chesi?" alijibu, "Mimi ni mtu wa askofu," na alisema kwa kujivuna.

Shida ilikuwa askari, zile kete ndogo za mbele. Katika Juba hakuna aliyetaka kufundishwa askari, mji ulikuwa umewachoka. Mzee mmoja aliyekuwa jeshini tangu ujana alipoambiwa kwamba askari wa chesi huenda mbele tu na harudi nyuma, alimsukumia Mudira ile kete.

"Hiyo nimeshaicheza," akasema. "Nipe kitu kinachoweza kurudi nyumbani."

Akapewa ngome. Askari mwishowe walichukuliwa na akina mama wanaouza mboga, waliotoka Rejaf alfajiri na mabeseni kichwani. Walisema wao wamezoea kutangulia.

Mimi alinipa farasi. Alikuja dukani kuchukua fulana, rangi ikawa haijakauka, akachora kwa chaki sakafuni: hatua mbili mbele, moja pembeni. "Farasi inaruka watu," akaniambia. "Haiombi njia. Na sikiza: mtu ya njaa anakula kila kitu anaona. Mtu ya akili anaangalia mfalme iko wapi." Nikamwambia mimi si mchezaji, na asinihesabu. Akasema sawa sawa, akaondoka na fulana zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja Jumamosi mchana, kijana wa Nairobi mwenye viatu vilivyong'aa na kimashine kidogo mkononi, cha kuhesabia watu kwa kubonyeza kwa dole gumba. Kilikuwa kikisema ti, ti, ti. Aliingia rakubani na watu wakampigia makofi. Yeye akatembea kati ya meza akibonyeza, ti, ti, ti, akamaliza upesi mno.

"Mama," akamwambia Mudira, kwa upole kabisa, "hawa ndio wachezaji. Hawa wengine ni watazamaji."

"Hapa hakuna mtazamaji," akasema Mudira. "Mtu akinyoosha kidole, amecheza."

"Kampuni haiwezi kulipia vidole."

Mwenye kiwanja alikuwa amesimama pale pembeni, mikono nyuma, akiipima nguzo kwa macho. Niliona tayari kreti za bia zimepangwa mahali pa meza za chesi. Nilijua mia tatu ni uongo, nilikuwa nimeichora mimi mwenyewe, na bado nilimchukia yule kijana kwa kuhesabu vizuri.

Mudira hakubabaika. "Wewe unacheza?"

Kijana akatabasamu. Alicheza sana shuleni, akasema, na mpaka leo hucheza wikendi.

"Basi keti. Watacheza na wewe wote. Kila mtu anasogeza mara moja, halafu anatoka, mwingine anaingia. Hakuna mtu kusema. Kila mtu anacheza sawa, wewe unabonyeza mashine yako."

Lile wazo lilimpendeza kijana, niliona. Akavua koti. "Sawa, mama. Lakini mmoja akisogeza kete vibaya, hata mmoja tu, hesabu inaishia hapo. Tumeelewana?"

"Mafi mushkila," akasema Mudira. Hamna shida. Nilitamani kumziba mdomo.

Watu wakapanga mstari kuanzia ubaoni, ukatoka nje ya rakuba, ukazunguka duka la vitambaa. Mimi nilikuwa nje nikilifunga bango lililolegea kwa upepo. Nilipoteremka kwenye kiti nikajikuta mkiani mwa foleni, na kabla sijaondoka, mama mmoja wa Rejaf mwenye beseni la bamia akasimama nyuma yangu.

"Hapa wanapeana nini?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za Uganda.

"Chesi."

"Inapikwa na nini?"

Nyuma yake akaja kijana wa pikipiki, akaegesha, akapanga foleni. Nyuma yake wakaja akina mama wengine wawili, na mzee mwenye fimbo, wote wakiuliza kama ni neti za mbu au ni sabuni. Hapo ndipo nilipoelewa, nikashindwa kujua kama nicheke au nilie. Sisi ni watu tuliokulia kwenye foleni. Kambini ukiona mstari unasimama kwanza, unauliza baadaye, kwa maana ukianza kwa kuuliza utakuta unga umekwisha. Asiyekuwepo na lake halipo. Mudira alihitaji watu, na Juba nzima ilikuwa inajileta yenyewe, ikidhani kuna mgao.

Lakini hawakujua kitu! Foleni ilikuwa inasogea, na huko mbele walikuwa watu wa kete, ila mchezo ukirefuka hawa wa mkiani wangefika ubaoni, wangeshika kete vibaya, na mambo yangeishia hapo. Nikamwona Mudira anakuja akipita pembeni ya mstari, mtu kwa mtu, akiinama na kuchora vumbini.

"Mudira," nikamnong'oneza kwa hasira, "hawa si wachezaji."

"Bado," akasema.

Akanipita. Askari kwa huyu, askofu kwa yule. Alipoona mstari unazidi kukua kuliko miguu yake, alinigeukia akanionyesha kwa kidole yule mama wa bamia, akaendelea. Na mimi, niliyesomeshwa na masista, niliyenuna kwa ajili ya Hoteli ya Kimataifa, nikachuchumaa vumbini nikamfundisha mama wa watu farasi. Mbili mbele, moja pembeni. Alikosea, akarudia, akapata. Nilifurahi kupita kiasi.

Huko mbele kulikuwa na jambo jingine, ambalo nilisimuliwa baadaye na waliokuwa ndani. Rakuba ilikuwa imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Akina mama wa mboga walikuwa wametangulia na askari wao, wakafuata watu wa farasi, wa askofu, kila mmoja akisogeza na kutoka, na kijana akijibu na kubonyeza. Ikafika zamu ya yule mzee wa jeshini. Yeye alijua ngome tu, na ngome zote mbili zilikuwa zimebanwa, hazina pa kwenda. Akasimama. Kijana akangoja. Mzee akatazama ubao, akatazama paa, kisha akageuka nyuma na kumwona mama mmoja wa askari.

"Tafadhali, mama, tangulia," akasema. "Siwezi kupita mbele ya mama."

Kijana akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mna heshima sana watu wa huku," akasema.

Tangu hapo heshima iliingia foleni ile kama mafuriko. Mwenye askofu alimpisha mwenye ngome kwa sababu ya mvi zake. Mwenye ngome alimpisha dada mwenye mtoto mgongoni, ambaye kwa bahati njema alijua askofu. Hakuna aliyetaja kete, hakuna aliyenyoosha kidole. Watu walikaribishana tu. Ile chesi yao ya kucheza wote nyuma ya kiti kimoja, waliyokatazwa kwa mdomo, waliicheza kwa adabu. Sidhani kama kuna mtu aliyewafundisha. Hata Mudira alikuwa nje.

Kijana naye alikuwa na taabu yake. Kila baada ya muda aliinua shingo kuchungulia foleni, kwa sababu alishuku kwamba watu wanazunguka na kurudi. Na hakukosea sana, muuza airtime nilimwona kwa macho yangu akirudi foleni na kofia nyingine. Kijana alimtazama kila anayeingia usoni, akabonyeza, akachungulia tena nje. Aliutazama ubao kidogo kuliko alivyowatazama watu.

Kisha akaingia fundi cherehani. Huyu alikulia Khartoum na alikuwa mchezaji wa kweli, mmoja wa wachache. Alimchukua waziri wake, yaani malkia, akamweka ubavuni mwa mfalme wa kijana, peupe kabisa, aliwe. Waliokuwa ndani waliguna kwa uchungu. Kijana akamla kwa ngome, maana hakuwa na njia nyingine, akabonyeza mashine yake.

Zamu ya fundi ilikuwa imekwisha. Alitoka nje, akatembea polepole kando ya foleni, akipita watu wengi, mpaka akanifikia mimi kule nyuma. Watu wengine wa farasi walikuwa wameshacheza na kutoka. Mikono yangu ilikuwa na rangi na vumbi.

"Dada," akaniambia, "hapa jua kali. Tangulia ukakae kivulini."

Mimi mpenda ukweli nikatafuta uongo ndani ya maneno yale, sikuuona. Jua lilikuwa kali kweli.

"Tangulia, dada," akasema mama wa bamia. "Tangulia, dada," akasema aliye mbele yangu, na aliye mbele yake, na mstari wote ukafunguka mbele yangu, watu wakirudi nyuma nusu hatua na kunionyesha njia kwa kiganja. Sijawahi kukaribishwa mahali namna ile, wala siku niliyorudi nchini. Nilijua nikikosea, mimi niliyesema nisihesabiwe, ndiye nitakayeibomoa rakuba.

Nikafika ubaoni. Nilimwona farasi wetu pembeni, na kwa kweli sikuona kingine. Nikachora hatua zake kichwani, mbili na moja, mbili na moja. Njia ya kwanza ilimfikisha kwenye ngome ya kijana, ile ile iliyomla malkia wetu. Ningeweza kuila pale pale. Mkono ulinyanyuka wenyewe, kwa tamaa na kwa kisasi. Nikasikia sauti ya Mudira ikisema habari za mtu mwenye njaa. Nikarudisha mkono kabla haujagusa, nikamtafuta mfalme.

Mfalme alikuwa kwenye kona. Ngome yake mwenyewe upande mmoja, askari wake wawili mbele. Alikuwa amezungukwa na watu wake, amelindwa kila upande, hana hata nyumba moja ya ubao ya kukanyaga. Nikaangalia njia nyingine ya farasi, ikaishia kwenye nyumba tupu, karibu naye. Farasi anaruka watu. Nikamweka pale.

Kijana alibonyeza mashine, ti, kisha akatazama ubao. Alitazama kwa muda mrefu. Dole gumba likabaki hewani.

"Imekwisha," akasema taratibu. "Sina pa kwenda."

Rakuba ikalipuka. Watu walikumbatiana, vikombe vilivunjika, mtu aliliita jina la kinyozi. Mimi nilisimama tu nikimwangalia yule farasi. Lakini kijana alinyanyua mashine yake, na kelele zikaisha zenyewe.

"Mchezo umeisha mapema," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Waliosogeza hawafiki hata thelathini. Bango linasema mia tatu."

Mwenye kiwanja akaondoa mikono nyuma. Mudira alikuwa amerudi, amesimama karibu na nguzo. Kitenge chake kilikuwa na vumbi mpaka magotini.

Kijana akatoka nje. Tukamfuata. Foleni haikuwa imevunjika, kwa sababu watu wa foleni hawaondoki kwa kelele tu. Ilizunguka duka la vitambaa, ikapita kisima, ikaendelea. Akaifuata akiwa amenyanyua mashine, bila kubonyeza, mpaka akasimama mbele ya mama wa bamia.

"Mama, samahani. Wewe ni mchezaji wa chesi?"

Yule mama alimtazama kijana, akalitua beseni lake chini, akachuchumaa. Kwa kidole chake akachora vumbini: mbili mbele, moja pembeni.

"Farasi," akasema. "Dada ya rangi amenifundisha." Kisha akainua macho, na sauti yake ilikuwa na lawama kidogo. "Zamu yangu bado? Nimesimama sana."

Kijana akautazama ule mchoro, akautazama mstari uliobaki. Wenye foleni nao walimtazama, na mmoja mmoja wakaanza kumwonyesha vumbini walichonacho, huyu mshazari, huyu mstari ulionyooka, mzee mwenye fimbo akichora askari kwa ncha ya fimbo yake. Kijana akaitia mashine mfukoni.

"Warudi ndani wacheze," akamwambia Mudira. "Mimi nimechoka kuhesabu."

Rakuba haikubomolewa. Kampuni iliweka jina lake juu ya paa, mwenye kiwanja akapata chake na kuwa shabiki mkubwa kuliko wote, na stoo ya bia ilijengwa kwingine. Mama wa bamia alicheza zamu yake jioni ile ile, na baadaye akajifunza kete zilizobaki, akanishinda mara nyingi bila huruma.

Jua lilipokuwa linashuka nilibaki kumsaidia Mudira kukunja bango. Bado ile namba ilikuwa inaniwasha.

"Niambie kweli," nikasema. "Mia tatu uliitoa wapi?"

Hakucheka safari hii. Alisema kwamba mtu wa Nairobi alipouliza kwenye simu, yeye alikuwa ameketi hapo hapo kreti yake ilipo, na aliinua macho akatazama nje. Akamhesabu kila mtu ambaye siku zile alipita njiani, akasimama kuangalia meza. Hata kama ni kwa kitambo kidogo tu.

"Hata wewe," akasema. "Ulipita na ndoo ya maji. Ukasimama."

"Nilikuwa nangoja lori lipite."

"Kalas. Ulisimama."

Nimehesabiwa mara nyingi maishani. Kambini walinihesabu kwa kadi ili nipewe unga, mpakani walinihesabu ili nipande gari la kurudi, na watu wa sensa walipopita Gudele sikuwepo nyumbani, wakaniacha. Mara zote nilisimama kwanza kwenye mstari, nikasubiri nifikiwe. Mudira alinihesabu kabla sijaingia.

Nililishika bango upande wangu, yeye upande wake, tukalikunja.